Uzoefu wangu na breka ya ABB S201-C20 kwenye soketi za jikoni
Breka ya soketi za jikoni, hapa kwetu Dar es Salaam, ilikuwa ikijikata hata friji ilipokuwa inatumika peke yake, na fundi mwenye leseni ya EWURA alipofungua boksi la breka alikuta skrubu yake imelegea na plastiki imeungua kwa joto. Alikata ncha ya waya iliyoharibika, akaupima waya wote na kuukuta mzima, kisha akapendekeza ABB S201-C20, breka ya ampea 20.

Dukani tulishauriwa kuchukua ya ampea 32 ili isisumbue tena, ushauri ambao namsihi kila mwenye nyumba aukatae. Kazi ya breka ni kulinda waya uliopita ukutani, na wa kwetu ni wa milimita za mraba 2.5. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani, IEC 60898, breka hulazimika kukata ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45 ya ampea zake: kwa breka ya ampea 20 ni ampea 29, lakini kwa ile ya 32 ni zaidi ya 46, mzigo ambao ungeuchemsha waya huo ndani ya bomba huku breka ikiwa bado haijakata. Herufi C maana yake ni kwamba hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 5 na 10 ya ampea zake, kwa hiyo mshtuko mfupi wa mota ya friji inapoanza hauikati ovyo. Namba 6000 iliyo ndani ya kisanduku usoni pake ni ampea za shoti inazoweza kukata salama.

Fundi alizima meni swichi, akajaribu kipimo chake penye umeme, akapima boksi, halafu akakirudisha penye umeme kuhakikisha hakijafa. Alinionyesha pia kwamba waya zinazotoka kwenye mita ya LUKU kuingia meni swichi zilikuwa bado na umeme, na ndiyo sababu sishauri mtu asiye fundi aguse humo.

Dosari niliyoiona ni ya ulinganifu. Breka ilikaa vizuri kwenye reli ya milimita 35, lakini meno ya kipande cha shaba kinachogawa umeme, ambacho kilikuwa cha kampuni nyingine, hayakuingia sawasawa. Fundi alikataa kuyapinda. Ikabidi tubadilishe kipande hicho pamoja na breka za jirani, na gharama ikapanda. Tangu hapo breka mpya haijajikata bila sababu, wala haipati moto friji na birika vikiwaka pamoja.

Breka hii haimkingi mtu dhidi ya kupigwa na umeme. Kwa hilo panahitajika kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Chetu kilikuwapo tayari, na fundi alikijaribu kwa kitufe chake kabla ya kurudisha kifuniko.