Makumbusho ya ngome ya Nantes, Ufaransa: tengeni nusu siku nzima, msikimbie

Nyota 5 kati ya 5, na ingekuwepo ya sita ningeiweka. Nilienda Nantes mwezi wa tano, treni ya kasi (TGV) kutoka stesheni ya Paris Montparnasse ni masaa mawili na kitu, ukishuka stesheni unatembea dakika chache unaikuta Château des ducs de Bretagne, ngome ya kuta nene na handaki limeizunguka. Kuingia uani na kupanda juu ya ukuta ni bure, unalipa tu ukitaka kuingia makumbusho yenyewe. Lipeni jamani.

Siku ya kwanza nilikata tiketi ya matembezi na kampuni moja, jina siitaji, tukazungushwa mji mzima, tukaoneshwa yule tembo mkubwa wa mashine wa mbao na chuma (urefu mita 12, anabeba watu, kama una watoto wapeleke), tukahadithiwa biskuti za LU, ila kuhusu utajiri wa mji tukaambiwa tu kwamba ulitokana na biashara ya baharini, basi. Biashara ya nini? Mi nimezaliwa Kilwa, hilo swali halikuniacha. Kesho yake asubuhi nikaenda ngomeni mwenyewe.

Vyumba ni 32, unaanza zamani unakuja mpaka leo. Vya mwanzo ni habari za Bretagne, eneo la kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, ilipokuwa inajitawala: Duke François wa Pili alianza kuijenga upya hii ngome 1466 kujihami na mfalme wa Ufaransa, binti yake Anne akazaliwa hapa 1477, akarithi utawala ana miaka 11, akaja kuolewa na wafalme wawili wa Ufaransa mmoja baada ya mwingine, na 1532 Bretagne ikaunganishwa rasmi na Ufaransa. Halafu kuna ile Amri ya Nantes ya 1598, Henri wa Nne aliwapa Waprotestanti haki ya kuabudu baada ya vita vya miaka mingi. Louis wa 14 akaifuta 1685, na mwaka huo huo akatoa Code Noir, sheria za utumwa kwenye makoloni. Mwaka mmoja. Nilisimama hapo kidogo.

Sasa vyumba vya karne ya 18 ndo sababu ya mimi kuandika hii rivyuu. Nantes ilikuwa bandari ya kwanza Ufaransa kwa biashara ya watumwa, zaidi ya safari 1,700 zilitoka hapa, zaidi ya asilimia 40 ya safari zote za Ufaransa, watu zaidi ya laki nne walibebwa. Kuna mchoro wa meli inaitwa La Marie-Séraphique, umechorwa kwa rangi za maji enzi hizo hizo meli ilipokuwa inasafiri, si mtu alibuni baadaye. Chini mapipa yamepangwa safi, juu yake watu, mmoja mmoja, wamelazwa wamebanana hakuna hata pa kuweka mguu, na aliyechora ametulia kabisa, mistari imenyooka kama fundi anachora kabati. Mchoro mwingine ni siku ya mnada huko Cap-Français (leo Cap-Haïtien, Haiti), upande mmoja wa sitaha watu wanauzwa, upande wa pili wazungu na wake zao wameandaliwa meza wanakula. Na meli ina jina la malaika.

Kilichonimaliza zaidi ni vitambaa. Pamba zilizochapwa maua, nyekundu na buluu, wanaziita indiennes, mwanzo zilitoka India, baadaye viwanda vikawa hapo hapo Nantes, na zilikuwa sehemu kubwa ya mali iliyobadilishwa na watu Afrika. Mama yangu ameuza khanga na vitenge sokoni utoto wangu wote, nguo nazijua kwa kuzishika, na pale nilikuwa naangalia kitambaa kizuri kweli huku najua kilinunua nini. Nikakumbuka na ya kwetu, maana mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu za fedha) kichwa kimoja, kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Huyo hakuwa na safari za Nantes, bahari nyingine hiyo, ila hesabu zao zilifanana.

Vyumba vya mwisho nilipita haraka, viwanda, mabomu ya Septemba 1943, bandari ya kujenga meli iliyofungwa 1987. Mi nilikuwa nimeshachoka moyo. Maelezo ya Kiingereza yapo kama Kifaransa kinakupiga chenga.

Ukitoka usirudi hotelini. Tembea mpaka Île Feydeau, zamani kilikuwa kisiwa kabisa kabla hawajafukia mto, nyumba za matajiri zimeinama kwa sababu chini ni mchanga, na juu ya madirisha kuna nyuso za mawe, zingine za Waafrika. Watu wanakunywa kahawa chini yake. Kisha shuka Quai de la Fosse kwenye mnara wa kumbukumbu wa kukomeshwa utumwa, ulifunguliwa 2012, bure pia. Njiani chini wameweka vioo 2,000, vingi vina jina la meli na mwaka, unaenda unasoma, unaenda unasoma, haviishi. Ukishuka kwenye njia ya chini unausikia mto Loire pembeni yako. Mji huu ulinyamaza muda mrefu, maonyesho makubwa ya kwanza kuhusu biashara ya watumwa yalikuja 1992, tena ndani ya ngome hii hii, na 1998 sanamu ya kukumbuka utumwa iliyowekwa hapo bandarini ikavunjwa na watu usiku. Kwa hiyo vile vioo vimegharimu kitu.

Anza na makumbusho halafu ndo uende mtoni, ukianza na vioo utasoma majina matupu. Na Jumatatu huwa wanafunga, angalieni kabla hamjakata treni.