ELM327 ya bei poa kwenye IST na Axio: inachokupa na inapogota

Ni kile kidude cha plastiki kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu 16, chini ya dashibodi upande wa dereva, kinasoma kompyuta ya injini na kuongea na simu kwa Bluetooth. Changu nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Nakitumia na programu ya Torque kwenye simu ya Android, kwenye Toyota IST ya 2004 na Toyota Axio ya 2012. Hela yake imerudi, ila si kwa kusoma namba za hitilafu. Namba hata fundi wa kijiweni mwenye mashine atakusomea. Faida iko kwenye kuangalia sensa zinasema nini injini ikiwa inaunguruma.

Tuanze na kununua, maana hapo wengi wanapigwa. Chipu asili ya ELM327 ilitoka Elm Electronics ya Kanada, na hivi vya madukani ni nakala. Vilivyoandikwa v2.1 mara nyingi vimepunguzwa uwezo: vinashika gari jipya vizuri tu, ukienda kwenye la zamani kimya. Tafuta v1.5. Na kwa kuwa kibandiko hakina mwenyewe, kijaribu kwenye gari la zamani kabla hujalipa. Neno la siri la kukiunganisha na simu ni 1234 au 0000. Wenye iPhone, hiki cha Bluetooth ya kawaida hakitawafaa, chukueni cha Wi-Fi au Bluetooth LE.

Axio inashika yenyewe, washa swichi tu. IST inagoma, kwa sababu Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani kati ya 2000 na 2007 hivi zinaanza mazungumzo kwa utaratibu wao. Kwenye Torque fungua taarifa za gari lako, shuka hadi mipangilio ya ndani, na kwenye sehemu ya amri za kuanzisha andika:

ATIB 96 \n ATIIA 13 \n ATSH8113F1 \n ATSP A4 \n ATSW00

Zima programu, washa swichi upya, unganisha. Haifanyi kazi kwa zote, lakini kabla hujakitupa kifaa jaribu hilo.

Sasa kazi yenyewe. Namba inayosumbua sana ni P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi kwa mafuta yaliyopo. Huku kwetu ikitokea hiyo, fundi anakimbilia kukuuzia sensa ya oksijeni. Sensa hiyo mara nyingi ni mzima, ndiyo iliyotoa taarifa! Fungua vipimo viwili: marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Vijumlishe. Ndani ya asilimia 10, juu au chini, hakuna shida. Ikiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) jumla inasoma +20 au zaidi, kisha ukipandisha mizunguko hadi 2,500 ikashuka karibu na sifuri, kuna hewa inaingia kwa kuiba: mpira kati ya ea klina na throto umepasuka, au mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi), au wa hidrovaki ya breki, au gasketi ya manifoldi. Injini ikiwa bado ya baridi, puliza kidogo spreyi ya kusafishia kabureta kwenye maungio, sehemu moja moja, ukitazama simu. Ukigusa penye tundu, marekebisho ya muda mfupi yanaporomoka palepale. Ekzosti ikiwa ya moto usijaribu, spreyi hiyo inawaka.

Mambo yakiwa kinyume, yaani sailensa iko sawa lakini jumla ya marekebisho inapanda ukikanyaga mafuta au kupanda mlima, ushuku mafuta yasiyofika: filta imeziba, pampu imechoka. Au sensa ya kupima hewa imeshika vumbi. Injini ya 1NZ-FE (ile ya lita 1.5 iliyo kwenye IST na Axio nyingi) ikiwa imepata joto na kiyoyozi kimezimwa, sensa hiyo isome gramu 2 kwa sekunde hivi. Isafishe kwa spreyi yake maalumu, usitumie ya kabureta, na waya zake usizisugue kwa kitu chochote.

Gari likimisi, mambo ni mepesi zaidi. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hadi P0304. Koili za 1NZ-FE zinashikwa na bolti moja moja ya spana 10. Badilishana koili ya kwanza na ya pili, futa namba, endesha. Kosa likihamia P0302, koili imekufa, nunua moja tu na si nne. Likibaki palepale, hamisha plagi (soketi ya 16, mwanya wa milimita 1.1), kisha ndiyo ufikirie nozeli. Taa ya injini ikiwa inapepesa, usiendelee na safari, maana mafuta yasiyoungua yanaenda kuyachoma masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti.

Kuhusu masega, P0420, namba inayodai hayasafishi vya kutosha, usiiamini haraka. Tazama sensa ya oksijeni ya nyuma: masega mazima huifanya itulie kwenye volti 0.6 hadi 0.7. Ikiruka juu na chini sawa na ya mbele, masega yamechoka, au yalishauzwa na mwenye gari wa kabla yako. Hakikisha kwanza ekzosti haivuji.

Joto la maji ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu kinamuumbua fundi aliyechomoa themostati. Gari likishachanganya lisome kati ya nyuzi 80 na 96. Likibaki 65 barabara kuu, themostati haipo au imegota wazi, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ikidhani injini bado baridi. Watu wanalalamika IST inakunywa mafuta, kumbe ni hilo. Volti za betri nazo zipo: 13.5 hadi 14.5 injini ikiwaka ni sawa. Ila kifaa hiki kinaweza kukosea kidogo, hivyo usibadilishe altaneta kabla ya kuhakikisha kwa multimita.

Kabla ya kufuta namba yoyote, piga picha ya vipimo vilivyohifadhiwa wakati kosa linatokea. Ukifuta, vinaondoka navyo. Ukienda kununua gari la mkononi, hasa la miaka ya karibuni, tazama majaribio ya ndani ya kompyuta: mengi yakionyesha hayajakamilika, ama betri ilichomolewa au mtu amefuta namba muda si mrefu. Omba kuliendesha vya kutosha, kisha pima tena.

Inapogota: ABS, mikoba ya hewa na sehemu kubwa ya giaboksi kwenye magari haya mawili haigusi. Taa hizo zikiwaka, lipia mashine kubwa. Na ukimaliza kupima, kichomoe. Kinaendelea kunyonya umeme hata swichi ikizimwa, na gari likikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, betri iliyochoka haitaamka.