Kiatu chako cha kwanza cha mlima: ukiwa Dodoma ununue kipi

Mtu akipanga kupanda mlima mrefu kwa mara ya kwanza huanza kutafuta koti. Koti utaazima. Kiatu ni cha mguu wako, kwa hiyo hela ya kwanza iende huko. Naongea na wewe wa Dodoma unayeutaka Hanang mwaka huu, na Kilimanjaro ukishajiona uko tayari. Hanang una zaidi ya mita 3,400, sisi huku tuko kwenye 1,100 na kitu. Kwa njia ya Jorodom, kutoka Katesh, wengi hupanda na kushuka siku hiyohiyo, na kushuka ndiko kunakong'oa kucha.

Namba moja kwangu ni buti za mlima za mtumba. Pale Sabasaba utazikuta zimechanganywa na viatu vya kila aina, kwa hiyo wahi belo linapofunguliwa. Ila mtumba una mtego wake, na mimi ulininasa. Buti zangu za kwanza ziling'aa kama mpya. "Dada, hii ya Ujerumani, utawaachia wajukuu," muuzaji akasema. Alianza na elfu 65, tukamalizana kwa 40. Baada ya saa nne za kupanda, soli ya kulia ikaachama kama mdomo wa mamba, ndani unga mweusi unamwagika. Nilishuka nimeizungushia kamba ya begi, kila hatua inapiga makofi.

Kilichoiua si kutembea, ni kukaa. Sponji ya katikati, ile iliyo kati ya soli ya chini na ngozi, nyingi hutengenezwa kwa poliurethani, na unyevu wa hewa huila polepole hata kiatu kikiwa kabatini. Ndiyo maana buti lisilo na mkwaruzo linaweza kuwa bovu kuliko lililochakaa. Siku hizi nabonyeza sponji kwa ukucha: ikirudi, sawa; ikibaki na shimo au ikitoa chembe, narudisha. Kisha nalikunja mara kadhaa na kuangalia nyufa pembeni. Sponji ikiwa nzima, soli iliyoachia kidogo isikutishe. Mpelekee fundi aishone kuzunguka yote kwa uzi wa nailoni. Akikwambia gundi inatosha, tafuta fundi mwingine.

Namba ya kiatu usiiamini. Nenda na soksi nene utakazopanda nazo, maana ukiwahi belo asubuhi mguu bado haujavimba. Ingiza mguu kabla ya kufunga kamba, sukuma vidole mpaka mbele. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kipite. Funga, kisha piga ncha ya kiatu chini. Vidole vikigonga pale sokoni, Hanang vitalia.

Namba mbili ni raba zenye meno. Kwa Hanang wakati wa kiangazi zinatosha kabisa, na mguu unakuwa mwepesi. Mvua ikinyesha njia inakuwa utelezi, hapo utatamani kitu kinachoshika kifundo. Kilimanjaro usiku wa kilele, mita 5,895, kwenye baridi ya chini ya sifuri, raba ziache kambini.

Kukodi Moshi au Arusha nakuweka namba tatu, na ni kwa buti tu. Mfuko wa kulalia, koti zito na fimbo kodi bila wasiwasi. Lakini buti ulilokutana nalo jana, ukatembea nalo siku sita, litakutoa malengelenge.

Za mwisho ni buti za kazi zenye chuma mbele. Watu huzipenda kwa sababu zinaonekana imara. Ni nzito, hazikunjiki, na kwenye mteremko kile chuma kinakutana na vidole vyako kila hatua. Buti za jeshi sizipangi popote: mavazi ya jeshi kwa raia ni kosa kisheria, usijitafutie kesi kwa ajili ya mlima.

Ukishanunua, zivae wiki tatu au nne kabla ya safari: sokoni, kazini, na Jumamosi kwenye vilima vya mawe vinavyozunguka mji, begi likiwa na lita tatu za maji, maana juu Hanang maji unabeba mwenyewe. Soksi ziwe za sufu au za nailoni. Za pamba zikilowa jasho hazikauki. Beba jozi ya pili ndani ya mfuko usiopitisha maji.