Siku nne Nozawa Onsen: skii mchana, maji ya moto jioni

Kilichonichelewesha miaka mitatu kwenda Nozawa Onsen, kijiji cha skii na chemchemi za maji ya moto hapa Japani, si baridi wala nauli. Ni kuvua nguo. Nimelelewa Tanga, nimefundishwa kujisitiri hata mbele ya dada zangu, halafu naambiwa raha ya kijiji hicho ni kuingia uchi kwenye hodhi moja na wanawake nisiowajua, hakuna khanga wala nguo ya kuogelea. Kila mume wangu alipokitaja nilikataa. Februari iliyopita tulikwenda, tukakaa siku nne, na nawaandikia wenzangu tunaoishi Japani, hasa kina mama wa Kiislamu wanaosita kwa sababu ileile. Inawezekana kwenda, na hakuna haja ya kuvuka mpaka wako.

Nozawa Onsen iko mkoa wa Nagano. Kutoka Tokyo ni shinkansen (treni ya kasi) ya Hokuriku hadi stesheni ya Iiyama, chini ya saa mbili, kisha basi la dakika 25. Tuliposhuka theluji ilikuwa imefunika madirisha ya ghorofa za chini, na pembeni mwa barabara mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye mifereji, na harufu ya kiberiti kama yai lililochemshwa. Miezi hiyohiyo ambayo kwetu pwani kaskazi inavuma na kutuletea joto, kule upepo unatoka Siberia, unavuka bahari ya Japani na kubeba unyevu, ukigonga milima ya Nagano unaumwaga wote kuwa theluji. Tulilala, tukaamka, na viatu tulivyosahau barazani havikuonekana tena.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ni ya familia, vyumba havifiki kumi. Niliichagua kwa kitu kimoja tu: ina bafu la maji ya chemchemi ambalo wageni hupeana zamu, wenyewe wanaita kashikiri. Unageuza kibao cha mbao mlangoni, unafunga kwa ndani, na kwa dakika arubaini bafu ni lako na mumeo, au lako peke yako. Hodhi ni la mbao, dirisha linatazama ukuta wa theluji. Mkiwa mnatafuta nyumba, ulizeni neno hilo kabla ya kuuliza bei. Nyumba nyingi zina mabafu ya wote tu, ya wanaume upande mmoja na ya wanawake upande mwingine, na kwangu mimi zisingefaa hata zingekuwa za bure.

Utaratibu ni kuoga kwanza kwa sabuni nje ya hodhi, kujisuuza hata povu liishe, ndipo uingie. Maji ya Nozawa ni makali kwa joto. Mara ya kwanza niliingiza mguu nikautoa, nikarudia mara nne. Nilipofika shingoni, magoti yaliyokuwa yanauma tangu asubuhi yalilegea, na nilikaa kimya kwa muda ambao sikumbuki kukaa kimya hivyo tangu tuhamie Japani. Vueni vito vya fedha. Bangili yangu ilitoka nyeusi kwa ile salfa, nikaisugua kwa dawa ya meno siku mbili ndipo ikarudi.

Sasa skii yenyewe. Kutoka kijijini kuna njia iliyoezekwa yenye mkanda unaotembea, inakupandisha hadi uwanja wa Hikage bila kuhangaika na buti. Pale ndipo wanaoanza hujifunza. Tulichukua mwalimu kwa saa mbili, na nasema wazi kwamba bila mwalimu tungepoteza siku nzima. Alitufundisha kuelekeza ndani ncha za mbele za mbao za kuteleza zinazofungwa kwenye buti, na kutanua visigino, hapo mbao zinajizuia zenyewe. Kinachowashinda wengi ni woga: ukiogopa unaegemea nyuma, na ukiegemea nyuma mbao zinakimbia zaidi. Inabidi uegemee mbele, kule unakokuogopa, mpaka uhisi mfupa wa ugoko unagusa ulimi wa buti. Ukianguka, usijaribu kusimama mbao zikiwa zinatazama chini. Zilaze kukingama na mteremko kwanza. Siku ya kwanza nilianguka mara zisizohesabika, ya pili nilishuka kipande chote cha wanaoanza nikiwa nimesimama, nikapiga kigelegele na watoto wa Kijapani wakageuka kunitazama.

Kwa mavazi, mtandio wa kubana wa michezo unakaa vizuri chini ya helmeti na unazuia baridi masikioni. Suruali na jaketi za theluji ni pana zenyewe, kwa hiyo upande wa stara sikuwa na taabu yoyote mlimani.

Lawama yangu moja ni duka tulilokodi vifaa. Walinipa buti kubwa kwa saizi nzima, nikadhani ndivyo yalivyo, nikajazia kwa soksi jozi mbili. Jioni ugoko ulikuwa umechubuka pande zote mbili. Buti la skii linapimwa kwa sentimita za wayo: kisigino kisinyanyuke kabisa ukipiga goti, na soksi ni jozi moja, ndefu, isiyo na mikunjo. Kesho yake walinibadilishia bila maneno, lakini kidonda nilibaki nacho.

Siku ya tatu tulipanda gondola ya Nagasaka, vibanda vinavyopanda mlima vikining'inia kwenye waya, iliyojengwa upya mwaka 2020. Kilele cha mlima Kenashi ni mita 1,650. Huko juu miti ilikuwa nyeupe tawi kwa tawi, na kila pumzi yangu iliganda kwenye mtandio. Asiyejiamini anaruhusiwa kushuka kwa gondola, nasi ndivyo tulivyofanya. Kijiji hiki si cha kuanza jana: chama chao cha skii kiliundwa 1923, na mwaka 1930 Hannes Schneider, mwalimu mashuhuri wa skii kutoka Austria, alifika hapa kufundisha.

Kuna mabafu ya umma 13, wazi kwa yeyote, hakuna kiingilio, kuna kisanduku cha sadaka tu. Wenye nyumba jirani ndio wanaoyafagia na kuyalipia kwa zamu, kama watu wa mtaa wanavyotunza kisima chao. Mimi nilifika hadi mlangoni mwa Oyu, lile la katikati lenye paa zuri la mbao, nikasikia wanawake wanacheka ndani, nikarudi. Bibi mwenye nyumba yetu hakunishangaa. Alisema maji yale ni yaleyale ya mlima, kisha akaniletea taulo la kwenda kuloweka miguu nje.

Niliipenda zaidi Ogama, chemchemi ambako maji yanakaribia nyuzi 90. Wanakijiji pekee ndio wanaoruhusiwa kuingia, sisi wengine tunatazama kwa nje ya uzio. Asubuhi moja mzee alikuwa anachemsha mboga zake mle kwenye kapu. Zamani walikuwa wakiloweka humo mmea wa nyuzi kabla ya kuusokota, na jina la chemchemi linatokana na mmea huo. Mtoto wa nchi ya mkonge, nilisimama pale muda mrefu.

Chakula: niliandika barua pepe wiki mbili kabla, nikaeleza hatuli nguruwe wala chochote chenye pombe, pamoja na mirin na sake, pombe za mchele ambazo huingia karibu kila mchuzi. Walituchomea samaki wa mtoni kwa chumvi tupu, wakakaanga mboga za mlimani, wali, na achari ya nozawana, mboga ya majani ya huko. Mchuzi wa soya tulibeba wetu. Asubuhi ya pili kachumbari ilikuja na vipande vya ham, yaani nyama ya nguruwe. Nilionyesha tu, sahani ikaondolewa, na baadaye mpishi mwenyewe alikuja kuomba radhi.

Chumba kina tatami, mikeka ya Kijapani, panatosha kutandika mswala. Lifti nyingi za mlimani zinafungwa kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo Magharibi tuliiwahi chumbani kila siku, kisha tukashuka kugeuza kile kibao cha mbao kabla wageni wengine hawajamaliza kula. Hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote, ishikeni mapema.