Kukodi gari la likizo: bima ipi inunuliwe, ipi iachwe

Magari mawili ya daraja moja yanaweza kukaribiana bei kwa siku, ila moja likikwaruzwa hulipi kitu, na jingine likikwaruzwa linameza akiba yote ya likizo. Magari yenyewe hayana tofauti. Tofauti imo ndani ya mkataba, kwenye mstari wa ekisesi, yaani kiasi ambacho mteja hujilipia mwenyewe kabla kinga haijaanza kufanya kazi. Kwa gari la kukodi kiasi hicho huwa kikubwa, na mara nyingi kinazidi bei ya kulikodi gari kwa safari nzima. Kampuni hushusha bei ya siku ili jina lake likae juu kwenye orodha, kisha huitafuta faida yake kaunta kwa kukuuzia kinga ya kuifuta ekisesi hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha magari, linganisha hasara kubwa kabisa inayoweza kukupata kwa kila mkataba.

Kilichomo tayari kwenye bei

Nchi nyingi hulazimisha kila gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile inayoitwa pia bima ndogo. Hii hulipa watu uliowaumiza na mali yao uliyoiharibu. Gari unaloendesha hailihusu. Soma kikomo chake. Ukienda Marekani hasa, kikomo kinachokuja na gari mara nyingi ni kile cha chini kabisa cha sheria ya jimbo, na gharama za hospitali za majeruhi mmoja zinaweza kukipita. Hapo nunua nyongeza ya bima ya mtu wa tatu bila kusita, hata kama umeamua kubana matumizi kwingine kote. Bampa lililovunjika lina bei inayojulikana. Deni la mtu aliyevunjika mgongo halina mwisho.

Cha pili kina herufi CDW, kifupi cha Kiingereza cha Collision Damage Waiver. Wengi hukiita bima kubwa ya gari la kukodi, lakini hiki ni msamaha wenye masharti: kampuni inaahidi kutokudai zaidi ya ekisesi gari likigongwa, mradi umefuata mkataba. Vunja sharti moja na msamaha wote unafutika, unabaki na deni la gari zima. Masharti yanayowaangusha watu ni yaleyale: aliyeshika usukani hakuandikwa kwenye mkataba, dereva alikuwa amekunywa, gari lilipitishwa barabara iliyokatazwa, lilivushwa mpaka bila ruhusa ya maandishi, au ajali haikuripotiwa.

Leseni imo humohumo. Nchi zinazotaka leseni ya kimataifa hutofautiana aina wanayoikubali: ile ya Mkataba wa Geneva wa 1949, inayodumu mwaka 1, au ile ya Mkataba wa Vienna wa 1968, inayoweza kufika miaka 3. Japani, kwa mfano, hukubali ya 1949 peke yake. Ukiwa na kijitabu cha aina isiyotakiwa, utakataliwa gari, au utalipewa na kinga yako iwe batili. Leseni yako ya kawaida lazima iwe mkononi pia, maana kijitabu kile ni tafsiri yake tu.

Cha tatu ni kinga ya wizi. Nayo ina ekisesi, na inadai urudishe ufunguo. Gari likiibwa ufunguo ukiwa umeachwa ndani, hakuna kinga.

Kinachoachwa nje

CDW ya kawaida huacha nje matairi, rimu, vioo, paa, uvungu wa gari, funguo, viti na mambo ya ndani, klachi iliyoungua, na mafuta yaliyokosewa. Tazama orodha hiyo kwa makini: ndiyo ajali za likizo zenyewe. Jiwe linaruka na kupasua kioo cha mbele, rimu inasuguliwa ukingoni mwa barabara, paa linagonga kizuizi cha maegesho. Juu ya matengenezo, kampuni huweza kukudai ada ya kushughulikia faili, gharama za kuvutwa, na malipo ya siku ambazo gari lilikaa gereji bila kukodishwa. Kinga yoyote unayoinunua ipime kwa vitu hivi kwanza.

Mpangilio wetu wa kinga za ekisesi

Nafasi ya kwanza tunaipa bima ya ekisesi inayonunuliwa kwa kampuni ya bima ya nje, isiyohusiana na wenye gari. Unachukua gari na CDW yake ya kawaida. Likiharibika unalipa ekisesi, kisha bima ya nje inakurudishia. Bei yake kwa siku kwa kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya kaunta, na nyingi zinabeba vioo, matairi, paa na uvungu. Ukikodi zaidi ya mara mbili kwa mwaka, chukua ya mwaka mzima.

Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mzito: unalipa kwanza, unarudishiwa baadaye. Tena haipunguzi amana. Kaunta wataizuia ekisesi yote kwenye kadi yako ya mkopo, iliyoandikwa jina la dereva mkuu, na kikomo cha kadi kisipotosha hupewi gari. Angalia mambo manne kabla ya kulipa: kikomo cha malipo kifikie ekisesi yako au kuizidi, nchi unayoishi iwe miongoni mwa wanazouzia, madereva wote wawemo, na ununue kabla ya saa ya kuchukua gari, kwa sababu baada ya hapo nyingi hazikubali. Kama gari linakuja bila CDW kabisa, bima ya kurudisha ekisesi haikutoshi, kwani deni lako hapo ni thamani ya gari zima. Lazima utafute ile inayobeba gari lote.

Nafasi ya pili ni kinga kamili ya wenye gari, ile inayofuta ekisesi, ikiwa imelipiwa wakati wa kuweka nafasi. Ni ghali, lakini jambo linaishia palepale: unarudisha gari lina mkwaruzo, unaondoka. Amana hushuka sana, mara nyingine ikabaki ya tanki la mafuta tu. Ukiwa na kadi ya benki ya kawaida badala ya ya mkopo, au ekisesi ikiwa kubwa kuliko pesa unayoweza kuitoa ghafla, basi kwako hii ndiyo ya kwanza. Iulize swali moja: je, vioo, matairi na uvungu vimo? Kinga nyingi zenye jina la “kamili” huviacha, na huviuza tena kama nyongeza. Kinga hiyohiyo ikinunuliwa kaunta huwa na bei ya juu zaidi, na inauzwa kwa mtu aliyechoka na safari mwenye watoto wanaolia. Amua ukiwa nyumbani.

Hesabu yake huenda hivi. Tuseme ekisesi ni 1,500 kwa sarafu yoyote, kinga ya kaunta ni 25 kwa siku na ya nje ni 5. Kwa siku 10, kaunta itakula 250, ya nje 50. Unaokoa 200, lakini 1,500 yako inazuiwa siku zote 10, na huenda ikachukua siku kadhaa zaidi kufunguliwa baada ya kurudisha gari. Kama 1,500 hiyo ndiyo pesa ya hoteli na chakula, akiba ya 200 haina maana.

Nafasi ya tatu ni kinga inayokuja na kadi ya mkopo. Ni nzuri ikiwa umesoma kijitabu chake chote, na ni mtego kwa asiyekisoma. Kwa kawaida lazima ukodi wote ulipiwe kwa kadi hiyo, na mara nyingi ukatae CDW ya kaunta; ukikubali, kinga ya kadi inafutika. Nyingi zina kikomo cha siku, huacha nje malori madogo, magari ya kifahari na baadhi ya nchi, na hazigusi bima ya mtu wa tatu. Omba barua ya uthibitisho kutoka benki uende nayo.

Ya nne ni “ulinzi kamili” unaotiwa tiki kwenye tovuti ya dalali unapolipia gari. Watu huinunua wakidhani wamefuta ekisesi. Wanafika kaunta na mhudumu anawaambia haitambui karatasi hiyo, na mhudumu ana haki, kwa kuwa ni bima ya kurudishiwa kama ile ya nje, tena mara nyingi kwa bei ya juu zaidi. Kuikubali si kosa kubwa. Kosa ni kulipia hiyo kisha, kwa hofu, ukanunua na ya kaunta.

Kwenda na ekisesi tupu tunaiweka mwisho. Inamfaa tu mwenye uwezo wa kulipa 1,500 ile bila maisha yake kuyumba.

Gari lenyewe

Ukiweka nafasi hulipii modeli iliyo pichani, unalipia daraja. Ndiyo maana ya maneno “au linalofanana nalo”. Kinachokufunga wewe na kampuni ni msimbo wa herufi nne wa ACRISS, mfumo ambao kampuni za kukodisha hutumia kupanga magari kwa madaraja. Ya kwanza ni ukubwa, ya pili umbo, ya tatu gea na uendeshaji wa magurudumu, ya nne mafuta na kiyoyozi. ECMR ni gari dogo la bei nafuu, gea za mkono, lenye kiyoyozi. Herufi ya tatu ikiwa A, gea ni za kujibadilisha zenyewe.

Hapa wengi wanadanganyika: F kwenye nafasi ya pili ni umbo refu la kijipu, na haiahidi kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Kwa hilo tafuta N (gea za mkono) au B (gea za kujibadilisha) kwenye nafasi ya tatu. Na hata likiwa na magurudumu manne yanayovuta, mkataba unaweza kukataza barabara ya changarawe au kuvuka maji, na injini iliyomeza maji karibu kila kinga huikataa.

Kuhusu mafuta, chagua pokea tanki limejaa, rudisha limejaa. Mpango wa kulipia tanki zima na kurudisha tupu hukufanya uwaachie mafuta uliyokwisha kuyalipia. Weka risiti ya kituo kilicho karibu na mahali pa kurudishia. Gari la dizeli likitiwa petroli usiliwashe: petroli huondoa ulainishaji wa pampu ya shinikizo kubwa, pampu inasagika, na vumbi la chuma linasambaa mfumo mzima. Kutoa mafuta kwenye tanki ni kazi ndogo ukilinganisha na hilo.

Saa nayo ni pesa. Siku ya kukodi kwa kawaida ni saa 24 tangu uchukue gari, na ukichelewa kupita muda mfupi wa msamaha mara nyingi unadaiwa siku nzima.

Kabla ya kugeuza ufunguo

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na huchukua dakika 10. Piga video mfululizo, mchana au chini ya taa kali, ukianza na namba ya gari na kuzunguka polepole: bampa na chini yake, milango, rimu zote nne, paa, kioo cha mbele kwa pembe, kisha ndani, geji ya mafuta na kilomita. Gari likiwa na maji au vumbi, mikwaruzo haionekani, omba lifutwe. Kila alama isiyo kwenye fomu iandikwe na mhudumu atie sahihi.

Tairi lisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2321 ni wiki ya 23 ya 2021. Kashata zake zisiwe chini ya milimita 1.6, kiwango cha chini cha sheria katika Umoja wa Ulaya na Uingereza. Fungua buti uone spea, jeki, spana, na ule ufunguo mdogo wa nati za usalama kama rimu zinazo. Bila huo, spea haina kazi.

Kwenye skrini ya sahihi, pitia kila kisanduku. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo, kwa sababu kiwango cha kubadilishia cha mashine kwa kawaida huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Ukirudisha gari ofisi imefungwa, jukumu linabaki lako mpaka mhudumu alikague asubuhi. Rudisha saa za kazi. Ukishindwa, piga video ileile, ukionyesha mahali lilipoegeshwa na saa.

Likigongwa

Piga picha magari kabla hayajasogezwa, kama usalama unaruhusu. Ita polisi hata kwa mgongano mdogo na upate namba ya ripoti, kisha pigia simu wenye gari ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Usisaini kukiri kosa, na usilipeleke gereji yoyote bila idhini yao. Ukitengeneza mwenyewe, bima ya nje haitakurudishia.

Kwa madai kusanya mkataba wa kukodi, fomu ya ukaguzi ya kuchukua na ya kurudisha, ripoti ya polisi, ankara ya matengenezo yenye mchanganuo, uthibitisho kwamba kadi yako imekatwa, na nakala ya leseni ya aliyekuwa akiendesha. Ankara yenye jumla tupu bila mchanganuo ndiyo inayochelewesha madai mengi. Dai yenye mchanganuo, kwa maandishi, siku hiyohiyo. Video na karatasi usizifute kwa miezi 6 angalau, kwa kuwa faini za kamera na ada za barabara huchelewa kufika.