Kronometa ya mbio za pikipiki: ipi ununue kwanza ukiwa Lubumbashi

Msimu uliopita mpwa wangu alinunua ekzosi mpya kwa dola 320. Pikipiki ikapata sauti nzuri, lakini muda wake wa mzunguko ukabaki palepale: dakika 1 na sekunde 48, mara nyingine 47, mara nyingine 49. Majuma matatu baadaye tulikigawa kiwanja vipande vitatu na kupima kila kipande peke yake. Karibu muda wote aliokuwa akiupoteza ulikuwa kwenye kona moja, ile ya mwembe. Ekzosi isingemsaidia chochote pale, kwa maana akifika hapo alikuwa ameshaachia mafuta zamani.

Ndiyo maana vijana wa hapa wakiniuliza, "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), ninunue kronometa gani?", mimi huwauliza kwanza: itakuonyesha unapoteza muda wapi? Muda wa mzunguko mzima hukuambia tu kwamba umechelewa, haukuambii umechelewa wapi. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho, na kwa kipimo cha pili ambacho watu hukisahau: je, jioni ukirudi nyumbani umechoka, na pengine umeme umekatika, bado utaweza kuisoma data yako? Naandika kwa ajili ya mtu wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye udongo na miruko, anayeendesha kwa mapenzi, mwenye pikipiki moja na mfuko wa kawaida.

Kwanza elewa hesabu ya pointi

Vifaa vingi vya leo hupima kwa setilaiti. Kifaa huandika mahali ulipo mara kadhaa kwa sekunde, na hapo ndipo bei zinapotofautiana. Chukua mwendo wa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Kifaa kinachoandika mara 1 kwa sekunde kitaacha pengo la mita 20 kati ya pointi na pointi. Kona nzima inaweza kumezwa humo. Kinachoandika mara 10 kitaacha mita 2. Cha mara 25 kitaacha sentimita 80, na kwa pointi hizo unaweza kuona mahali hasa ulipoachia mafuta.

Mimi mwenyewe niliumia hapa. Muuzaji mmoja aliniuzia kifaa akisema ni "GPS ya mbio". Nilipofungua faili nyumbani nikakuta pointi 60 kwa kila dakika. Kilikuwa kifaa cha kufuatilia magari, hakina uhusiano wowote na mashindano. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kujaribu: nakiwasha, natembea nacho nje dakika moja, nahesabu mistari ya faili. Ikiwa 60, narudisha. Ikiwa 600, tunaweza kuzungumza bei. Ikiwa 1,500, natoa pesa.

Nafasi ya 1: kipokezi kidogo cha setilaiti chenye kumbukumbu yake

Hiki ndicho ningemnunulia mpwa wangu kama ningekuwa na zawadi moja tu ya kumpa. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani, kina betri ndani, na kinaandika mara 25 kwa sekunde. Mfano unaojulikana ni RaceBox Mini S, inayotengenezwa na kampuni ya Bulgaria. Angalia sana herufi ile ya mwisho. Mini ya kawaida haina kumbukumbu, inatuma data kwa bluetooth kwenye simu, kwa hiyo simu lazima uwe nayo mwilini muda wote unapoendesha. Mini S inajiandikia yenyewe, simu unaiacha kwenye hema.

Katika motokrosi tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukianguka ukiwa na simu kifuani, unaangukia kipande cha kioo na chuma kilichokaa juu ya mbavu. Mgongoni ni hatari zaidi. Halafu kuna mtikisiko: mwaka 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu ya vile visehemu vidogo vinavyotuliza picha. Simu yangu, ya kampuni nyingine, kamera yake ilianza kutetemeka baada ya Jumapili nne tu kwenye usukani, na haikupona.

Bei zake huko nje huwa kati ya dola 150 na 250 kulingana na aina. Hapo ongeza usafiri na ushuru. Ni kifaa cha mfukoni, kwa hiyo watu wengi hapa humwagiza ndugu anayetoka Johannesburg, Dubai au Ulaya. Mkumbushe akibebe kwenye mkoba wa mkononi kwa sababu ya betri ya lithiamu. Qstarz ya Taiwan nayo ina vipokezi vya mara 10 kwa sekunde. Ukikipata kilichotumika kwa bei ya kindugu, chukua. Mara 10 zinatosha kabisa kwa mtu anayeanza.

Ukishakipata, kifunge juu ya padi ya usukani au kwenye madigadi ya nyuma, mahali panapoona mbingu, na usikifiche chini ya kiti. Kiwashe dakika 5 kabla ya kuingia kiwanjani, ukiache mahali peupe. Setilaiti hutangaza taarifa za njia yake upya kila sekunde 30, na kifaa kinachowashwa mlangoni mwa kiwanja kitaanza kuandika ovyo mizunguko yako ya kwanza.

Na mstari wa kumalizia, ule unaouchora kwenye programu ya simu, uweke mahali ambapo pikipiki inakimbia moja kwa moja. Hesabu yake ni nyepesi. Kifaa kikikosea mita 1 pale unapopita kwa mita 20 kwa sekunde, umekosea sekunde 0.05. Kikikosea mita hiyohiyo ndani ya kona unayopita kwa mita 5 kwa sekunde, umekosea 0.2. Sisi mara ya kwanza tuliuweka mstari chini ya mwembe, kwenye kona, tena chini ya majani mengi yanayozuia mawimbi. Siku nzima ilipotea.

Nafasi ya 2: kronometa ya mkononi, daftari, na mtu mwaminifu

Wengi watashangaa kuiona hapa juu. Kronometa ya Casio ya kawaida, inayopima sehemu ya mia ya sekunde na kushika muda wa vipande, unaipata kwa dola 10 hadi 40, haihitaji simu, haihitaji kompyuta, na betri yake hukaa miaka. Kinachohitajika ni mtu.

Huku Katanga tumejaliwa vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba. Kiwanja tunachokitumia upande wa Kipushi kina kimoja pembeni, na juu yake unaona njia yote. Dada mdogo wa mpwa wangu ndiye hupanda pale na kronometa. Tulichagua alama tatu zisizohama: gogo jeupe, mwembe, na nguzo ya kumalizia. Tairi la mbele likipita alama, anabonyeza. Kidole cha binadamu huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, lakini akiwa mtu yuleyule, anayechelewa vilevile kila mara, sehemu kubwa ya kosa inajifuta. Usibadilishe mpimaji katikati ya siku.

Hebu ona alichotuandikia siku ile, mizunguko mitatu kati ya kumi na saba:

Mzunguko wa 4: 31.2, 42.6, 33.9. Jumla dakika 1 na sekunde 47.7.
Mzunguko wa 6: 30.4, 44.1, 34.0. Jumla dakika 1 na sekunde 48.5.
Mzunguko wa 9: 31.0, 43.5, 33.1. Jumla dakika 1 na sekunde 47.6.

Ukiangalia jumla peke yake, utasema mzunguko wa 6 ulikuwa mbaya. Kumbe ndio wenye kipande cha kwanza bora kuliko vyote. Sasa chukua kipande bora cha kila safu: 30.4, 42.6 na 33.1. Inakuwa dakika 1 na sekunde 46.1. Yaani kijana ana sekunde moja na nusu tayari miguuni mwake, bila ekzosi, bila chochote kipya. Ameshaviendesha vipande hivyo, ila hajaviendesha vyote katika mzunguko mmoja.

Kisha tazama safu ya kati. Kwenye mizunguko yote kumi na saba, kipande cha kwanza na cha tatu vilitofautiana kwa chini ya sekunde moja. Cha pili kilitoka 42.6 hadi 46. Mtu anayeyumba hivyo mahali pamoja hana njia anayoiamini pale. Kila mzunguko anabahatisha.

Kronometa iliishia hapo: ilituonyesha kona, haikutuonyesha kosa. Juma lililofuata tuliazima kipokezi kwa rafiki, na grafu ya mwendo ikasema yaliyobaki. Alikuwa akiachia mafuta mbali kabla ya kona, kisha kwa zaidi ya sekunde moja pikipiki inajiendea yenyewe, havuti mafuta wala hashiki breki. Anaogopa mizizi ya mwembe. Tulikwenda kwa miguu, tukaichunguza ile mizizi, tukaona njia ya nje imejaa udongo mzuri. Akaambiwa jambo moja tu: hakuna kujiendea. Ama unavuta, ama unashika breki. Kufikia jioni kipande cha pili kilikuwa kinarudi kwenye 42 na 43 kila mara.

Hiyo ndiyo sababu vifaa hivi viwili vimekaa juu. Kama huna dola 200, anza na cha dola 15, na pesa inayobaki usikimbilie kuipeleka kwa muuza ekzosi.

Nafasi ya 3: simu peke yake

Programu ni nzuri. RaceChrono ina toleo la bure, inakigawa kiwanja vipande, na unaweza kujichorea kiwanja chako mwenyewe, jambo la lazima kwetu sisi ambao viwanja vyetu havimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Harry's LapTimer nayo ni ya zamani na imekomaa. Tatizo ni simu yenyewe: nyingi huandika mahali ulipo mara 1 tu kwa sekunde, na ile mita 20 tumeshaizungumza. Programu hukisia muda kati ya pointi, kwa hiyo muda wa mzunguko unaweza kuwa wa kuridhisha, lakini vipande vifupi na grafu ya kona usiviamini. Itumie kujifunza programu wakati unasubiri kipokezi chako. Kiwanjani tu, lakini. Barabara ya Kipushi ina malori, watoto wa shule na pikipiki za teksi, si mahali pa kupimia muda.

Nafasi ya 4: saa kamili ya usukani

Hapa nazungumzia vifaa kama AiM Solo 2 ya Italia. Ina kioo chake, inakuonyesha ukiwa unaendesha kama mzunguko huu unakuwa bora au mbaya, na toleo la DL linaunganishwa na kompyuta ya injini. Ni kifaa imara na programu yake ya uchambuzi ni ya bure. Kwa nini basi nimeiweka chini? Bei, kwanza: inaanzia kwenye dola 400 hivi, na DL inapita pale kwa mbali. Pili, programu yake inataka kompyuta ya Windows. Tatu, kwenye motokrosi hakuna mahali pa kutazama kioo. Nani atasoma namba akiwa hewani? Kwa mtu wa lami ingekuwa ya kwanza au ya pili.

Kamera

Kama tayari una GoPro, angalia toleo. Hero5 hadi Hero11 Black zina GPS, Hero12 haina, Hero13 imerudishiwa. Ziko programu zinazoweza kusoma faili zake. Usiinunue kwa ajili ya kupima muda tu.

Ya mwisho: transponda

Kijana mmoja alitaka kuagiza transponda, yaani kidude cha kufunga kwenye pikipiki kinachotoa ishara, ya MYLAPS ya Uholanzi, kwa sababu ameiona kwenye mashindano makubwa na inapima hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Ni kweli inapima hivyo. Lakini inasomwa na waya uliofukiwa chini ya njia, wenye mashine yake pembeni. Kiwanja kisipokuwa na waya, transponda ni plastiki. Ukialikwa kushindana nje, tuseme Zambia au Afrika Kusini, waulize waandaaji kwanza kama wanakodisha.

Kifaa chochote utakachochukua, nunua na daftari la franga chache. Kila ukitoka kiwanjani andika saa, hali ya udongo, na upepo wa tairi (sisi tunacheza kati ya 0.8 na 1.0 bar). Udongo wetu saa mbili asubuhi, kabla vumbi halijapanda, si ule wa saa nane mchana, na mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba inakibadilisha kiwanja chote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo linganisha mizunguko ya saa ileile, ya siku ileile. Mpwa wangu alipiga 1:45.9 asubuhi moja baada ya manyunyu, akataka kusherehekea. Dada yake akafungua daftari, akamwonyesha kwamba asubuhi ile kila mtu alipungua sekunde mbili.