Stelingi anaweza kufa: uzoefu wangu na boksi la Dungeons & Dragons

Boksi hili la mchezo wa kusimulia kisa kwa dadu lilikaa juu ya kabati langu miezi minne. Rafiki aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza aliniletea baada ya kumsumbua sana. Lilipofika nikasoma kurasa chache, nikalirudisha juu. Hamu ninayo, watu wa kucheza nao sina. Kilicholishusha ni umeme kukatika.

Ilikuwa Jumamosi usiku, nyumbani Tabata. Mimi napenda filamu za nje kuliko kitu kingine chochote cha kupumzikia, na siku hiyo nilikuwa nimewabembeleza dada yangu, mume wake na mwalimu jirani yetu waje tuangalie Seven Samurai ya Akira Kurosawa. Ni filamu ya 1954, ya Kijapani, haina rangi, na ina dakika 207. Niliwaahidi chai na kashata. Shemeji ni fundi magari na Kiingereza cha maandishi ya chini kinampita haraka, kwa hiyo nilikuwa nasoma na kusema kwa Kiswahili, vilevile nilivyosikia utotoni kwenye kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, msimuliaji Lufufu akiongea juu ya sauti za Wachina mpaka tukasahau kwamba wana lugha yao.

Wakulima wa kijiji kimoja wamechoka kuporwa mavuno na majambazi 40, wakaamua kutafuta samurai, wapiganaji wa upanga, wa kuwalinda. Hawana pesa. Malipo ni wali, na wao wenyewe wanakula mtama ili wali uwatoshe wageni. Tulikuwa tumefika pale kiongozi wa samurai anapozunguka kijiji na ramani mkononi, akiangalia upande upi auzibe na upi auache wazi. Giza.

Hakuna aliyeinuka. Shemeji akasema, "Mimi lile daraja ningelivunja."

Dada akamgeukia, "Na wale wenye nyumba ng'ambo ya daraja? Utawaambia nini?"

Wakabishana robo saa nzima, Mwalimu akichora kijiji kwa vijiti vya kiberiti juu ya meza, mshumaa katikati. Nikawaangalia nikaona kabisa kwamba hawa watu tayari wanacheza. Nikapanda kwenye kiti, nikalishusha boksi.

Nililonalo mimi ni lile la kuanzia la mwaka 2014. Ndani mna kitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha kisa cha kurasa 64, karatasi za wahusika 5 walioandaliwa tayari, na dadu 6 ambazo ukizoea ile ya ludo zitakushangaza: kuna yenye pande 4 kama piramidi, na mkubwa wao ana pande 20. Mchezo wenyewe ulianza Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hakuna ubao wa lazima na hakuna anayemshinda mwenzake. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale jambo linapoweza kwenda huku au kule, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza uhodari wa mhusika wako, unaangalia kama umefikia namba inayotakiwa. Jambo la ugumu wa kati ni 15. Ukiwa na nyongeza ya 2, lazima dadu ikupe 13 au zaidi, yaani nafasi 8 kati ya 20. Ukishaelewa hapo, umeelewa karibu nusu ya kitabu.

Kisa kinaanza barabarani. Mnasindikiza mkokoteni wa mizigo, mbele yenu kuna farasi wawili wamekufa, wamechomwa mishale. Nikasoma maelezo hayo kwa Kiswahili, nikanyamaza nikisubiri. Shemeji akainama juu ya meza kana kwamba farasi yuko pale.

"Shemeji, damu imeganda au bado mbichi?"

Kitabu hakikunipa jibu la swali hilo. Nikajibu kwamba imeshaganda na nzi wamejaa. "Basi walioua wamepata muda wa kujificha," akasema. "Mimi siendi karibu. Narusha jiwe kule kichakani." Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumaliza riwaya, na kwa sentensi tatu alikuwa amekitengeneza kichaka, akakiogopa, akakipanga.

Kitabu ni cha Kiingereza, tena Kiingereza kilichojaa maneno ya hadithi za Ulaya, na hapo ndipo kazi yangu kubwa ilipo. Viumbe wadogo wakorofi wa mwanzo tumewaita vibwengo, na neno limekaa vizuri mno. Joka ni joka. Lakini yule anayepata nguvu zake kwa kusoma kitabu cha maajabu tulibishana kuhusu jina lake wiki mbili. Huwezi kumwita mchawi. Kwa Kiswahili mchawi ni adui wa watu, anatoka usiku kuharibu, na hakuna aliyekuwa tayari kukaa na mchawi upande wake. Mwalimu ndiye aliyetoa jina: Msomi, na akamchukua mwenyewe. Anayeponya kwa maombi tukamwita Mganga, akachukua dada. Tunafungua kila kikao kwa "Hadithi, hadithi!" na wote wanaitikia "Hadithi njoo!" Siku niliyosahau, dada alikataa kuanza.

Mama alipokuja kututembelea alisikia vibwengo na maombi, akaniuliza pembeni kama kuna kuapizana humo ndani. Nikamwambia, mama, kaa usikilize. Alikaa mpaka saa nne usiku. Asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa kama yule Msomi alitoka pangoni.

Hakutoka. Na hili ndilo jambo ninalotaka mnunuzi alijue kabla hajafungua boksi. Kwenye kibanda umiza tulikuwa na kanuni moja: stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Unaweza kwenda kununua karanga katikati ya mapigano ukirudi utamkuta anapumua. Hapa hapana. Mhusika akiishiwa afya anaanguka, na kila zamu yake inapofika anarusha dadu ya pande 20 bila nyongeza. Kuanzia 10 amefaulu, chini ya hapo amekosa. Akifaulu mara 3 ametulia, akikosa mara 3 amekufa. Wakati huo dadu yetu kubwa ilikuwa imepotea, nadhani iko chini ya friji mpaka leo, kwa hiyo tulikuwa na vizibo 20 vya soda ndani ya mfuko wa kitambaa, kila kimoja kina namba kwa kalamu ya wino mzito. Unachomoa, unasoma, unarudisha, unatikisa. Msomi alipoanguka, Mwalimu akachomoa 7. Akachomoa 14. Akachomoa 4. Mganga yuko ng'ambo ya maji na hawezi kumfikia. Akachomoa 12, tukashangilia. Kisha akaingiza mkono taratibu, akakaa nao mfukoni muda mrefu, akatoa 9.

Hakuna aliyesema kitu. Dada alilia machozi ya kweli, na Mwalimu akaikunja ile karatasi ya mhusika mara mbili akaiweka mfuko wa shati.

Jumamosi iliyofuata tukamalizia filamu. Kati ya samurai 7 wanakufa 4, na wote 4 wanauawa kwa bunduki, hata yule mwenye upanga usio na mfano. Ningekuwa nimeiangalia peke yangu kama kawaida, ningeisifia picha, mvua na matope ya pigano la mwisho. Safari hii nilikuwa nimekaa na mtu aliyepoteza Msomi wake kwa kizibo namba 9. Mwisho unapoonyesha makaburi juu ya kilima, panga zimesimikwa ndani yake, Mwalimu alisema taratibu, "Walikuja kwa ajili ya wali tu." Nimeiona filamu hiyo mara nyingi, na sijawahi kuiona hivyo.

Tangu hapo vitu hivi viwili sivitenganishi. Boksi linakufundisha kanuni, na kanuni zake ziko wazi, lakini halikufundishi sana kusimulia. Hilo nalipata kwenye filamu. Kutoka kwa Kurosawa nimejifunza kuwaonyesha wachezaji kijiji chote kabla ya adui kufika: nani ana binti, nani mwoga, maji yanapita wapi. Kutoka Iran, Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami, ya 1987, imenipa kitu tofauti kabisa. Mtoto amebeba kwa bahati mbaya daftari la mwenzake, mwalimu ametishia kumfukuza yule mwenzake asipoandika kazi humo, na mtoto anakwenda kijiji cha pili kutafuta nyumba asiyoijua. Hakuna upanga hata mmoja, na roho inakudunda. Nikatunga kikao kwa mtindo huo: binti mdogo ana barua ya mtu, jua linazama, kila mzee anayemuuliza anamtuma dukani badala ya kumjibu. Saa tatu nzima bila pigano hata moja. Shemeji alisema ndicho kikao alichokipenda kuliko vyote.

Yasiyonifurahisha yapo. Kisa cha ndani ya boksi kinawafikisha wahusika ngazi ya 5 ya nguvu basi. Pigano la mwanzo kabisa ni kali kwa wageni, kwa sababu wahusika wa ngazi ya kwanza wana afya ndogo. Mimi sasa nikianza na watu wapya napunguza vibwengo kutoka 4 hadi 2. Mapigano makubwa yanakula muda, na mwenye kutumia maajabu anapekua kurasa huku wenzake wanasubiri. Tena msimulizi lazima aandae. Mimi hutumia jioni mbili za juma, na kama huna jioni hizo, kikao kitapwaya na watu hawatarudi.

Kwa gharama, usidhani lazima uagize nje. Januari 2023 kanuni za msingi za toleo hili la mchezo, zinazoitwa SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unazipakua bure, na unaruhusiwa hata kuzitafsiri na kuzisambaza mradi utaje zilikotoka. Mwalimu na mimi tumeanza kuziandika kwa Kiswahili kwenye daftari, kurasa za mapigano kwanza. Dadu utapata vizibo. Boksi nalipendekeza kwa sababu ya kile kisa na wahusika walio tayari, mradi mezani kuna mtu mmoja anayesoma Kiingereza bila kukwama na anayependa kusema.

Sasa hivi tunacheza kisa changu mwenyewe, kijiji chenye mto na daraja moja. Ukutani nimebandika karatasi yenye duara 40, kama samurai walivyohesabu majambazi wao, na duara 11 zimeshapigwa msalaba. Mwalimu ana mhusika mpya, mvuvi asiyejua kusoma. Jumamosi iliyopita tuliishia shemeji akiwa na shoka mkononi juu ya daraja, na familia tatu za ng'ambo zimesimama zinamwangalia. Hajasema kama anakata.